Leseni ya Grosari, Spika za Ukumbi: Jiji la Dodoma na Biashara za Watu Wazima

Baa inapofungiwa hapa jijini kwa sababu ya kelele, wengi wetu hudhani kosa lilianza usiku ule spika zilipofunguliwa mpaka mwisho. Mimi naamini kosa lilianza mapema zaidi, siku leseni ilipotolewa bila mtu kwenda kukitazama kiwanja, bila kuulizia nani analala nyumba ya pili, na bila kujiridhisha kwamba shughuli iliyoandikwa kwenye fomu ndiyo itakayofanyika. Nimekaa katika mtaa mmoja wa upande wa mashariki wa jiji tangu nyumba zikiwa za kuhesabika, nimeona maombi ya leseni yakipita ofisi ya serikali ya mtaa, na ninayoyasema hapa nayasema kwa kuupenda mji huu.

Ninapotaja biashara za watu wazima nina maana ya biashara ambazo mtoto hapaswi kuwa mteja wake: baa, kumbi za muziki wa usiku, vilabu vya pombe za kienyeji, grosari, nyumba za wageni zinazokodisha vyumba kwa saa, na hizi saluni za masaji zinazofunguliwa siku hizi. Katika nchi nyingine fungu hili linachukua pia kumbi za wachezaji wa uchi na maduka ya picha za ngono. Kwetu hayo hayana leseni ya kuombwa, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakataza kuendesha danguro na kufanya biashara ya picha chafu. Lakini hata kwa zile zinazoruhusiwa, hakuna sheria moja inayozikusanya pamoja. Pombe ina Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Biashara kwa ujumla ina Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Kelele zina Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za mwaka 2015, zinazosimamiwa na NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira. Burudani ina Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Matumizi ya kiwanja yana Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Hapo sijawataja polisi, zimamoto na afisa afya. Kila mmoja ana kipande chake, na mwananchi anayetaka kulalamika huzungushwa kutoka ofisi hadi ofisi, akiambiwa kila anapofika kwamba sehemu yake iko kwingine.

Dodoma ina sababu ya pekee ya kulishughulikia jambo hili vizuri kuliko miji mingi, kwa kuwa huu ni mji uliochorwa. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanyika mwaka 1973, ramani ya kwanza ya mji mkuu ilitoka mwaka 1976 ikiwa imeandaliwa na wataalamu kutoka Kanada, na kwa miaka mingi Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ndiyo iliyoamua wapi pajengwe nyumba ya kuishi na wapi pawekwe duka. CDA ilivunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri. Mwaka mmoja kabla yake Serikali ilikuwa imetangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 765,179 ndani ya jiji. Watumishi wamehamia na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma wamejaa. Kila mwaka kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni Bunge la bajeti huleta wageni kiasi kwamba chumba cha gesti hupandishwa bei na bado hakipatikani. Watu wote hawa wanahitaji pa kula, pa kunywa na pa kulala. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Mji usio na mahali pa kukaa jioni na rafiki, mkapata nyama choma na glasi ya mvinyo wa zabibu zetu wenyewe, ni mji unaochosha.

Ninachogombana nacho ni njia ambayo biashara hizi huingia mtaani, na mfano mzuri kuliko yote ni grosari.

Grosari kwa asili ni duka. Mteja ananunua kinywaji, anafungiwa, anaondoka nacho kwenda kunywea kwake. Sheria ya Vileo imetenganisha leseni ya anayeuza pombe ya kuondoka nayo na leseni ya anayeuza pombe ya kunywewa papo hapo, na sababu yake iko wazi: mtu anayenunua na kuondoka hamsumbui jirani, lakini watu arobaini wanaokaa hapo mpaka usiku wa manane wana magari, wana haja ndogo, wana mazungumzo na wanataka muziki. Kwa desturi yetu mpaka huo umefutika kabisa. Mtu ana nyumba ya kuishi kwenye kiwanja cha makazi. Anatoboa dirisha la sebule linaloelekea barabarani, anaweka nondo na jokofu la kampuni ya bia, anaomba leseni ya grosari. Miezi michache baadaye viti vya plastiki vinatokea chini ya mwarobaini. Baada ya viti huja turubai, baada ya turubai jiko la kuchomea nyama na bomba la kunawia mikono, kisha televisheni kubwa kwa ajili ya mpira. Siku moja unaona ukuta wa mbele umevunjwa, taa za rangi zimewekwa, spika mbili zenye urefu wa mtu mzima zimesimama kila upande, na jina jipya limeandikwa kwa taa. Karatasi iliyobandikwa ukutani bado inasema grosari.

Sijasimulia kiwanja cha mtu fulani. Ukitembea jioni Nkuhungu, Ipagala, Area D, Chang'ombe au Kisasa utazikuta hatua zote hizo, nyingine mwanzoni, nyingine katikati na nyingine zimekamilika. Hakuna hatua hata moja kati yake iliyo kubwa kiasi cha kumfanya afisa biashara afunge safari. Jirani naye huona aibu kulalamikia viti vinne, na vinapofika viti themanini anaambiwa mbona alinyamaza miaka yote.

Utaratibu uliopo haukukusudia hali hii. Mwombaji wa leseni ya vileo anatakiwa kupitia kwa mtendaji wa mtaa na wa kata, kamati ya maendeleo ya kata inapaswa kutoa maoni, afisa afya anapaswa kukagua vyoo na mahali pa kuoshea vyombo, polisi nao wanasema neno lao, ndipo chombo cha wilaya kinachoshughulikia leseni za vileo kinaamua. Siku hizi maombi huingizwa kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa serikali za mitaa, mtu akiwa na namba yake ya mlipakodi na simu ya mkononi, jambo ambalo limepunguza foleni na limepunguza pia ile bahasha ya kuharakisha mambo. Nalishukuru sana hilo. Hata hivyo mfumo unaona kile ulichoambiwa. Ukiandika grosari, unakutoza ada ya grosari. Haujui kama kiwanja kinapakana na zahanati, wala haujui kama dirisha la chumba cha mtoto wa jirani liko mita sita kutoka mahali spika itakapowekwa.

Zaidi ya hayo, maofisa wetu wanapimwa kwa makusanyo. Katika vikao vya tathmini afisa biashara huulizwa amekusanya kiasi gani cha lengo la robo mwaka, na ni nadra kuulizwa amekataa maombi mangapi na kwa sababu gani. Kwa hiyo maombi yaliyolipiwa yana nguvu yake yenyewe ya kusonga mbele. Silaumu mtu mmoja mmoja. Naulaumu mpango unaomfanya mtoa kibali awe pia mkusanya mapato anayesubiriwa na halmashauri nzima.

Upande wa ardhi tunao utaratibu mzuri ambao nashangaa hatuutumii kwa leseni. Mwenye kiwanja cha makazi anayetaka kukigeuza kuwa cha biashara anapaswa kuomba kubadili matumizi, na kusudio lake litangazwe ili wenye pingamizi walitoe. Mmewahi kuona vile vibao vya bati vilivyochomekwa mbele ya kiwanja, vikieleza kwamba mmiliki anakusudia kubadili matumizi kutoka makazi kwenda makazi na biashara, na kwamba mwenye pingamizi aliwasilishe ndani ya siku zilizotajwa. Kibao kile kina thamani kubwa. Kinampa bibi asiyejua kutumia simu nafasi ileile anayopewa mwanasheria wa jirani. Lakini mtu anayeanza na grosari hachomeki kibao, kwa sababu kwa maelezo yake hajabadili kitu, anaishi nyumbani kwake na anauza soda na bia dirishani.

Miji ya Marekani ilihangaika na suala hili kwa njia ambayo inafaa kuijua, ingawa biashara zao ni zile ambazo sisi tumezipiga marufuku. Mwaka 1972 jiji la Detroit liliamua kwamba jumba la sinema za watu wazima lisiwe ndani ya futi 1,000, yaani kama mita 300, kutoka biashara nyingine mbili za aina hiyo, wala ndani ya futi 500 kutoka eneo la makazi. Lengo lilikuwa kuzitawanya, ili pasitokee mtaa mzima ulioharibika. Boston mwaka 1974 ilichukua njia iliyo kinyume, ikatenga eneo moja la katikati ya mji na kuzikusanya humo. Kesi ya Detroit ilifika mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo mwaka 1976 na jiji likashinda kwa kura moja. Mwaka 1986 mahakama hiyohiyo iliukubali mpango wa mji wa Renton, jimbo la Washington, uliozuia majumba hayo kuwa ndani ya futi 1,000 kutoka makazi, kanisa, bustani au shule. Hoja iliyobeba kesi hizo haikuwa kwamba filamu zile ni mbaya. Hoja ilikuwa madhara yanayoandamana na biashara: uhalifu, msongamano, kushuka kwa thamani ya nyumba za jirani.

Mimi naona hapo ndipo palipo na funzo kwa madiwani wetu. Tunapolijadili suala la baa katika vikao vya mtaa, mjadala huangukia haraka kwenye maadili, mmoja anataja dini, mwingine anataja uhuru wa mtu kutafuta riziki, na kikao kinavunjika bila uamuzi. Ingetosha kuzungumzia umbali, saa, kelele, vyoo na maegesho. Hivyo vinapimika kwa utepe na kwa kipimo cha sauti, na mfanyabiashara mwaminifu anaweza kuvisoma kabla hajatumia mkopo wake wa benki kujenga.

Kesi ya tatu ilihusu jiji la Dallas, mwaka 1990, na ina pande mbili zinazotugusa. Upande wa kwanza, mahakama ililikosoa jiji kwa kuwa na mfumo wa leseni usio na ukomo wa muda wa kujibu maombi, kiasi kwamba ofisa angeweza kumnyima mtu leseni kwa kukaa kimya tu. Wafanyabiashara wa hapa wanakifahamu kimya cha namna hiyo. Upande wa pili, mahakama iliridhia kwamba nyumba za wageni zinazokodisha chumba kwa chini ya saa 10 zihesabiwe pamoja na biashara za watu wazima. Gesti zetu nyingi zina bei mbili, ya kulala na ya kupumzika, na kila anayefanya kazi mapokezi anajua bei ya kupumzika inamhusu nani. Kwenye leseni zote ni nyumba za kulala wageni. Kwenye kitabu kile kikubwa cha mapokezi, chenye safu za jina, kabila, kazi, unakotoka na unakokwenda, mteja wa kupumzika mara nyingi haandikwi kabisa, na hivyo ushuru wa halmashauri unapotea, na siku likitokea jambo baya chumbani hakuna anayejua nani aliingia. Halafu zipo gesti bubu, zisizo na kibao wala leseni, ambazo huota zaidi wakati wa Bunge. Ningependa jiji liitambue gesti ya saa kama aina yake yenyewe, liipangie umbali wake kutoka shule, liidai kitabu kilichojazwa na kitambulisho kilichoonekana, kuliko kujifanya haipo.

Kuhusu saa na kelele sheria haina upungufu mkubwa. Siku za kazi baa ya kawaida inapaswa kufunguliwa saa 10 jioni na kufungwa saa 5 usiku. Kanuni za mwaka 2015 zinaweka kikomo cha sauti kwa maeneo ya makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani kuwa desibeli 55 mchana na 45 usiku. Desibeli 45 si kitu, ni mazungumzo ya sauti ya chini. Hakuna ukumbi wa wazi wenye spika unaoweza kukaa chini ya kiwango hicho kwa jirani wa ukuta mmoja, na hii maana yake ni kwamba ukumbi wa wazi ukishapewa leseni katikati ya makazi umeshapewa ruhusa ya kuvunja kanuni kila usiku. Kuuvamia baadaye, kuchukua mashine za muziki na kumtoza mwenye nao faini hakuondoi tatizo, kwa kuwa Ijumaa inayofuata wateja wako palepale na mkopo uko palepale. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza mtoto kuingizwa baa, disko au klabu ya usiku na kuuziwa pombe. Je, tunaitekelezaje pale ambapo baa iko uani kwa mtu, na watoto wa nyumba hiyohiyo wanapita katikati ya meza kwenda chooni?

Nimesema sana juu ya majirani, lakini watu wanaoumia kuliko wote ni wahudumu. Msako unapofanyika, mwenye leseni huwa hayupo. Anayepakiwa kwenye karandinga ni msichana aliyetoka Kondoa au Mpwapwa au Singida, ambaye hana mkataba, na mara nyingi huambiwa ni mzururaji. Jioni moja nilimuuliza mmoja wao kama leseni ya pale inaruhusu kufanya kazi mpaka alfajiri. "Baba, leseni mimi siijui," alinijibu kwa adabu, "mimi najua meza zangu na hesabu ya bosi." Bia ikipotea au mteja akikimbia bila kulipa, inakatwa kwenye fedha zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na kwa kila saa ya kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi amlipe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Sijakutana na mhudumu aliyewahi kuisikia nyongeza hiyo. Kama halmashauri inaweza kumdai mwombaji cheti cha zimamoto, inaweza pia kumdai nakala za mikataba ya wahudumu wake kabla ya kuhuisha leseni, na nafasi hiyo ipo kila leseni inapoisha muda.

Jambo moja zaidi, ambalo linaniuma kama mwenyeji wa hapa. Mama anayepika pombe ya mtama, kazi aliyorithi kwa mama yake, na kuiuzia kilabuni kwa mchana mmoja, hufuatwa na mgambo kwa haraka kuliko ukumbi wenye walinzi na magari ya kifahari nje. Mzee jirani yangu, Mgogo wa hapahapa, aliniambia, "Mwanangu, pombe yetu inanyamaza jua likizama, hii yenu inaamka." Mpango wa umbali, saa na kelele ungempa huyo mama ahueni ya haki, kwa sababu kwa vipimo vyote vitatu yeye si tatizo.

Basi ninachowaomba madiwani ni hiki. Watunge sheria ndogo, kwa mamlaka waliyonayo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya mwaka 1982, itakayoeleza aina za leseni kwa shughuli inayofanyika kweli: pombe ya kuondoka nayo, pombe ya kukaa bila muziki, ukumbi wa muziki wa ndani, ukumbi wa wazi, gesti ya kulala, gesti ya saa. Kila aina iwekewe umbali wake kutoka shule, zahanati, nyumba ya ibada na makazi. Maombi yakifika, tangazo libandikwe kwenye ofisi ya mtendaji wa kata na mbele ya kiwanja chenyewe, likionyesha namba ya kiwanja na kitalu, aina ya leseni, saa za kazi na tarehe kamati itakapokaa, na anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa. Waliokwisha kujenga mahali pasipofaa wapewe muda wa kuhama au kujenga kuta za kuzuia sauti, kwa kuwa walipewa leseni na jiji lenyewe na si haki kuwafilisi kwa kosa la aliyewapa. Kazi hiyo haihitaji kusubiri Bunge. Inahitaji madiwani wa kata 41 wakubaliane, wananchi watangaziwe rasimu na kuitolea maoni, kisha Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa aiidhinishe.